Mpime Mtoto Kabla ya Kumfundisha

Liko jambo moja nililolificha moyoni kwa muda wa miaka mingi, na leo naliandika mbele ya wasomaji wa gazeti hili. Siliandiki ili nisifiwe wala ili nihurumiwe, bali kwa kuwa nadhani jambo hilo limo katika nyumba nyingi zenye watoto wanaosoma, ingawa wenye nyumba hawalijui. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule za msingi huku Machakos tangu mwaka 1979 mpaka nilipostaafu mwaka 2016, na sasa ni mkulima wa mahindi, mbaazi na miembe michache. Katika miaka hiyo 37 nilihesabiwa kuwa mwalimu hodari. Wazazi walinishukuru, na wakaguzi waliandika maneno mema juu yangu katika vitabu vyao. Walakini naona ya kuwa kazi ya ualimu nilijifunza baada ya kuiacha, na aliyenifungua macho ni mtu niliyempiga viboko alipokuwa mtoto.

Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa njaa katika Ukambani. Mvua za masika zilikosa, mifugo ikafa, na watoto wengine walikuja shuleni kwa ajili ya maziwa ya Nyayo zaidi kuliko kwa ajili ya masomo. Nilikuwa nikifundisha darasa la nne, lenye watoto 52. Desturi yetu katika somo la kusoma ilikuwa hivi: mwalimu husoma sentensi moja kwa sauti, na darasa zima huirudia kwa pamoja, mara mbili au tatu, hata sauti ikasikika barabarani. Wapita njia waliposikia kelele zile walifurahi, wakasema, "Watoto wanasoma." Mimi nami niliamini hivyo.

Siku moja nilimwita mvulana mmoja mrefu aliyekuwa akikaa nyuma, nikamwambia asimame asome peke yake. Akasimama, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akasoma bila kusita hata kwa neno moja. Nilipendezwa sana. Nikamkaribia ili nimsifu mbele ya wenzake, ndipo nikaona ya kuwa kitabu chake kimefunguliwa mahali pengine kabisa. Hadithi tuliyokuwa tukiisoma ilikuwa ya sungura, na ukurasa uliokuwa mbele ya macho yake ulikuwa na picha ya gari la moshi. Watoto wa karibu wakaona, wakacheka. Mimi nikadhani ananifanyia mzaha. Kwa kanuni za mwaka 1972 kiboko kilikuwa cha mwalimu mkuu peke yake, lakini wengi wetu hatukuzijali kanuni hizo, nami nikampiga viboko sita mbele ya darasa. Hakulia. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Nikapiga mstari mwekundu juu ya jina lake katika rejista, nikaendelea na kazi.

Miaka ikapita na mambo yakabadilika. Serikali ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hayo. Mwezi wa Januari mwaka 2003 masomo ya msingi yakawa bure, watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka mashuleni kwa mara moja, nami nikajikuta mbele ya watoto 87 katika chumba kimoja. Kiboko nilikiacha, maana sheria ni sheria, lakini kitu kingine sikukibadili. Niliendelea kuwafundisha wale waliokaa mbele, kwa sababu mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ndio uliokuwa mizani ya shule na ya mwalimu, na wale wa mbele ndio waliopandisha alama zetu. Wa nyuma nao walirudia maneno pamoja na wengine. Sauti zao nilizisikia, lakini wao wenyewe sikuwasikia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, baada ya ukame uliotuumiza kwa misimu kadha wa kadha, nilikusudia kujenga tangi la mawe la kukusanyia maji ya paa. Nikaambiwa ya kuwa yuko fundi stadi ng'ambo ya mto. Alipokuja, alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akainamisha macho. Nilimtambua kwa urefu wake. Hakuna kati yetu aliyelitaja jambo la zamani.

Alifanya kazi siku sita, na kila siku nilizidi kustaajabu. Hakuandika kitu. Vipimo vyake vyote vilikuwa katika kamba moja yenye mafundo, na hesabu ya simiti, mchanga na kokoto aliiweka kichwani, wala mfuko hata mmoja haukupotea. Kila alipomaliza safu moja ya mawe alishusha timazi, akaangalia kwa jicho moja, ndipo akaanza safu nyingine. Siku ya tatu aliliona jiwe moja limeegemea nje kidogo, nami sikuweza kuliona kosa lile hata aliponionyesha kwa kidole. Akaling'oa pamoja na mengine mawili yaliyokuwa juu yake. Nilimwambia ya kuwa anapoteza simiti yangu. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, safu ya chini ikipinda, zote za juu zitapinda, na maji yatakapojaa ndipo utakapojua."

Siku ya mwisho, nilipokwisha kumlipa, akatoa bahasha katika mfuko wa koti lake.

"Mwalimu," akasema, "naomba unisomee barua hii."

Nikamwuliza kama amesahau miwani nyumbani.

"Mimi sina miwani, Mwalimu. Wewe wanijua."

Barua ilitoka katika shule ya mwanawe. Ilimtaka mzazi afike amwone mwalimu wa darasa, kwa kuwa mtoto aliye katika Gredi ya 4 haandiki kitu chochote ila kile anachonakili kwa jirani, na akiulizwa swali hunyamaza. Nilipomaliza kusoma, fundi aliikunja barua taratibu kwa mistari yake ile ile, akairudisha mfukoni.

"Huyu ni mimi tena," akasema. "Nimeona heri nimpe mwiko mapema, asije akapoteza miaka kama nilivyoipoteza mimi. Kazi ya mawe haimnyimi mtu chakula."

Nikamwomba asifanye neno lolote mpaka likizo ya Aprili, ili nimwangalie mtoto mwenyewe. Nasema kweli ya kuwa sikuwa na mpango. Niliogopa tu kuona mstari mwekundu wa pili katika ukoo ule ule.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa madarasa ya chini. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimcheka kwa ajili ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019. Niliona ni mtaala wa kukata picha na kuwatuma wazazi kutafuta maboksi na vifuniko vya chupa. Sasa nikampigia simu kwa unyenyekevu, nikamweleza habari za mtoto yule, nikamwambia nitaanza naye kitabu cha Gredi ya 4 ukurasa wa kwanza.

"Mjomba," akaniambia, "usimfundishe bado. Mpime kwanza."

Nikamjibu ya kuwa mimi nimetunga mitihani tangu kabla hajazaliwa.

"Mtihani humwambia mtoto ya kuwa ameshindwa," akasema. "Kipimo hiki kitakuambia wewe ameshindwa wapi."

Basi akanieleza kipimo chenyewe, nami nakieleza hapa kwa kuwa kila mzazi ajuaye kusoma anaweza kukitumia. Chukua karatasi moja. Andika juu yake herufi kumi zisizofuatana, maneno kumi mafupi, aya moja ya sentensi nne, na hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili. Mwite mtoto peke yake, mahali ambapo hakuna mwenzake awezaye kumsikia wala kumcheka. Mpe aya kwanza. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Akishindwa na aya, mshushe kwenye maneno, na akishindwa na maneno, mshushe kwenye herufi. Usimkemee wala usimsaidie, andika tu mahali aliposimama. Kazi hii haizidi dakika tano. Vipimo vya namna hii si vigeni kwetu, maana wajitolea wa mpango wa Uwezo walianza kuvipeleka katika nyumba za watu nchini Kenya tangu mwaka 2009, nao walikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Mwana wa fundi alikuja asubuhi moja ya Aprili, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Aya ilimshinda, na maneno yakamshinda, ila "mama" na "baba", aliyoyajua kwa umbo lake kama mtu anavyoijua alama ya duka. Aliweza kuimba herufi zote kwa mfululizo, lakini nilipomwonyesha moja moja alizijua nne tu katika kumi. Kisha nikamwuliza kwa mdomo: ukinunua mayai sita kwa shilingi 15 kila moja, nawe una noti ya shilingi 200, utarudishiwa ngapi? Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina lake, akasema, "Mia na kumi, babu." Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akiitwa mzito.

Nikafuatilia safari yake. Aliingia Gredi ya 1 mwezi wa Januari mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na yeye hakuketi darasani tena mpaka Januari mwaka 2021. Baada ya hapo mihula ilifupishwa ili wakati uliopotea ulipwe, naye akapandishwa kutoka darasa hadi darasa pamoja na wenzake. Hakuna aliyemkosea kwa kusudi. Lakini kila mwalimu aliyempokea alianza pale kitabu kinapoanza, naye mtoto alikuwa amekoma mbali sana nyuma yake.

Habari zikaenea, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa na watoto watano chini ya mwembe. Mmoja alikuwa msichana mkubwa wa Gredi ya 6, na mwingine alikuwa mtoto mdogo wa Gredi ya 3, na wote wawili walisimama katika maneno. Niliogopa ya kuwa msichana yule ataona haya kuketi na mdogo. Mpwa wangu akanishauri nisitaje madarasa kamwe, na niwaketishe wote katika duara juu ya mkeka mmoja, nami nikiwa miongoni mwao, si mbele yao. Tulisoma saa moja tu kila asubuhi. Kadi zetu tulizikata katika mifuko mitupu ya simiti iliyobaki kwenye tangi, na herufi tukaziandika kwa makaa.

Siku nne za kwanza nilifurahi mno. Nilikuwa nikiinua kadi na kutamka, nao wakirudia kwa sauti kubwa, hata jirani yangu akapita akasema, "Mwalimu amerudi kazini." Siku ya tano mpwa wangu akaja kutuzuru. Akasikiliza kidogo, kisha akazichukua kadi, akazichanganya kama mtu achanganyavyo karata, akampa kila mtoto tatu bila kusema neno. Pakawa kimya. Walikuwa wameushika mfuatano wa sauti yangu, na kadi wenyewe hawakuzitazama. Niliona uso wangu ukiwaka moto, maana niliikumbuka picha ya gari la moshi.

Tangu siku ile nilibadilika. Niliacha kutamka kwanza. Kila mtoto aliokota kadi zake, akaunganisha silabi, akatuambia neno alilolijenga, na wenzake wakasema kama neno hilo lipo au halipo. Mwana wa fundi alijenga "mate", kisha akabadilisha herufi moja ikawa "mape", akacheka mwenyewe kwa kuwa halikuwa neno. Kicheko kile kilinifundisha mengi, kwa kuwa mtoto ajuaye kulicheka kosa lake amekwisha kuliona. Baada ya kusoma kila mmoja alieleza kwa lugha ya kwao, Kikamba, maana ya alichosoma, ndipo tukaandika. Na kila baada ya siku kumi niliwapima upya, na aliyepanda alihamishwa kundi siku iyo hiyo, ili pasiwe na mtu wa kuitwa mtu wa herufi siku zote.

Labda msomaji atasema ya kuwa haya ni mambo ya mzee mmoja na watoto watano, na ya kuwa dawa ya shule ni vitabu zaidi na walimu zaidi. Mimi nami nilisema hivyo, ndipo mpwa wangu akanieleza mambo yaliyochunguzwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1996 shule 25 za Busia na sehemu zilizo jirani zilipewa vitabu vya kiada, zikalinganishwa na nyingine ambazo hazijapewa. Wachunguzi, mmoja wao akiwa Michael Kremer, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari huko magharibi ya Kenya, walitazamia kuwa watoto wote watapanda. Haikuwa hivyo. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo, na wengine walibaki pale pale, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na kwa kiasi kilichowazidi. Kumpa kitabu mtoto ambaye bado hajafika mahali pa kitabu hicho ni kama kumpa kiatu cha baba yake.

Tena mwaka 2005 shule 121 za magharibi ya Kenya zilisaidiwa kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika shule 61 watoto waligawanywa vyumba viwili kwa bahati tu, na katika shule 60 waligawanywa kwa kadiri ya walichokijua tayari. Baada ya miezi 18 watoto wa shule hizo 60 walikuwa wamewapita wenzao, na faida haikuwa ya wale wa mbele peke yao, maana wa nyuma pia walipanda, kwa sababu mwalimu wao sasa aliweza kuanza pale walipo. Huko Bara Hindi chama cha Pratham, kilichoanzishwa katika mji wa Mumbai mwaka 1995, kimeifanya njia hii kuwa kazi yake kubwa: watoto hupangwa kwa kiasi cha kusoma kwao wala si kwa umri, kwa saa chache za siku, kisha hurudi katika madarasa yao ya kawaida. Zambia nayo ilianza kuijaribu katika shule zake mwaka 2016. Mwaka 2019 Bwana Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Bibi Esther Duflo, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa namna yao ya kuchunguza mambo kama haya.

Kwetu pia Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani na Uingereza, ilianzisha mpango wa Tusome mwaka 2015 kwa madarasa mawili ya kwanza nchini kote. Kila mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na maofisa walizunguka madarasani wakiwa na tabuleti, wakimsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma, kisha wakakaa na mwalimu na kumshauri. Mpwa wangu alifundishwa katika mpango huo. Anasema ya kuwa lililomsaidia kuliko yote ni ofisa yule kumsikiliza mtoto badala ya kukagua maandalio yake ya masomo tu.

Sisemi ya kuwa njia hii haina taabu. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kuwapima wote kwa siku moja, bali atahitaji wiki mbili, na mwalimu mkuu atakayemwachia nafasi. Vile vile makundi yakitunzwa vibaya huwa chapa juu ya paji la mtoto, na wenzake humwita mjinga mpaka naye aamini. Na wazazi wanaonung'unika juu ya gharama za mtaala mpya wana haki ya kusikilizwa. Lakini mkeka, makaa na mfuko mtupu wa simiti si gharama. Ghali zaidi ni miaka minane au tisa ya mtoto kuketi darasani pasipo kujulikana.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, likizo ilipokuwa karibu kwisha, fundi alikuja kumchukua mwanawe. Nilimwita kando karibu na tangi. Wenzangu walimu watajua jinsi ilivyo vigumu kwa mwalimu mzee kuomba radhi kwa mwanafunzi wake, hata akiwa mtu mzima mwenye mvi. Nikamwambia, "Mwaka 1984 nilikukosea mbele ya wenzako. Naomba unisamehe."

Akanyamaza kwa muda, akipapasa ukuta alioujenga kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, "Yamepita, Mwalimu. Lakini mimi siku zote nilidhani ulijua ya kuwa sijui kusoma, na ya kuwa hiyo ndiyo sababu ya kunipiga."

Sikuwa na jibu. Sikujua. Mtoto yule alikaa mbele yangu tangu Januari, nikamwona kila siku ya shule, nikaita jina lake asubuhi na alasiri, wala sikujua ya kuwa hajui herufi. Tangu siku ile naona ya kuwa kiboko hakikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Kosa langu kubwa ni kule kutokujua, nami nilikuwa nikilipwa mshahara ili nijue.

Sitawadanganya wasomaji kwa hadithi ya ushindi mtupu. Katika watoto watano, msichana yule mkubwa alihamia Mombasa na mama yake mwezi wa Agosti kabla ya kufika kwenye hadithi, nami sijui anaendeleaje. Mwingine bado alisumbuliwa na kuandika. Mwana wa fundi alisoma aya nzima mwezi wa Novemba, siku ya mvua kubwa, tangi likiwa limejaa mpaka ukingoni na ukuta wake haujatoa jasho. Alisoma polepole, akajikwaa penye "ng'ombe" na penye "anywe", akarudi nyuma mwenyewe akasahihisha. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, akisubiri mvua ipungue. Mimi, kwa mazoea ya zamani, nilikwenda nyuma ya mtoto nikatazama ukurasa. Ulikuwa ndio wenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 2024 aliingia Gredi ya 5, na mwiko ukabaki kwa baba.

Basi, wazazi wenzangu, nawaomba jambo moja. Mtoto wako atakaporudi leo na kukusomea, usiridhike na mwendo wa sauti yake. Mfungulie ukurasa ambao hajafundishwa, weka kidole chako juu ya neno lililo katikati ya mstari, umwulize, "Hili ni neno gani?" Akilijua, mshukuru. Asipolijua, usimpige wala usimtukane, na usimfiche. Nenda shuleni, keti na mwalimu wake kwa heshima, mwulizane pamoja mtoto alikoma wapi, mkaanze hapo hapo, hata kama ni kwenye herufi ya kwanza. Nanyi walimu vijana, mliopata mafunzo ambayo sisi hatukuyapata, msione haya kuzichanganya kadi mbele ya mzee. Mimi nilichanganyiwa, na ndipo nilipoanza kufundisha.